Je, wajua kwa nini kontena, yaani programu iliyofungashwa na mafaili yake na kutengwa ndani ya seva, hutaja saa tofauti na seva iliyolibeba?

Unaandika `date`, amri ya kuonyesha saa, kwenye seva, inakujibu 18:00. Unaingia ndani ya kontena linaloendeshwa na seva hiyohiyo, unaandika `date` tena, unajibiwa 09:00. Wengi hapo hukimbilia kurekebisha saa. Nakusihi usiiguse kwanza, maana huenda haina kosa lolote.

Kontena halina saa yake. Linatumia kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, ya seva, na kerneli ya Linux haijui Tokyo wala London: inahesabu tu sekunde tangu Januari 1, 1970, kwa UTC, saa ya dunia ya marejeo. Kuzigeuza sekunde hizo ziwe saa ya ukutani ni kazi ya programu, nazo hutazama kigeu cha TZ, kinachotaja ukanda wa saa, au, kisipokuwepo, faili la /etc/localtime. Kila kontena lina mafaili yake, na imeji nyingi, violezo vya kuundia makontena, huja bila kupangiwa ukanda wa saa, kwa hiyo huangukia UTC.

Basi anza na `date +%s` pande zote mbili. Namba zikilingana, saa ni ileile. Kilichopishana ni ukanda. Lianzishe kontena upya ukiliwekea TZ=Asia/Tokyo, au ukanda wowote unaoutaka.

Lakini kuna mtego hapa. Imeji ndogo mara nyingi hazina tzdata, kifurushi chenye jedwali la kanda zote. Likikosekana, glibc, maktaba ya msingi inayotumiwa na programu nyingi za Linux, hailalamiki: inarudi UTC kimyakimya, na `date` huandika "Asia" mahali ilipopaswa kuandika JST, ufupisho wa saa za Japani. Ukiona jina la bara limekaa hapo, sakinisha tzdata.

Mashine pepe, kompyuta nzima inayoigizwa na programu, ni habari nyingine. Ina kerneli yake na saa yake ya maunzi ya kuigizwa, hivyo hata zile sekunde zinaweza kupishana. Linux kwa kawaida huichukulia saa ya maunzi kuwa UTC. Windows huichukulia kuwa saa za mahali ilipo. Ndiyo maana Windows iliyowashwa ndani ya QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, hupotea kwa saa kamili za ukanda mpaka uiwekee `-rtc base=localtime`. Nayo mashine iliyosimamishwa kwa muda inaweza kuzinduka ikiwa nyuma. Hapo `chronyc makestep`, amri ya chrony, programu ya kusawazisha saa, huirusha mbele mara moja badala ya kuivuta polepole. Kwenye Mac, Docker huficha mashine pepe ya Linux chini ya makontena, kwa hiyo kasoro zote mbili, ya ukanda na ya sekunde, zinaweza kukukuta kwa pamoja.

Mimi huziacha seva zote kwenye UTC, nikibadilisha saa pale tu mtu anapoisoma. Ratiba ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Kuliwekea TZ kontena la CronJob, kazi ya ratiba katika Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena, hakusogezi muda wa kazi kuanza, kwa sababu ratiba husomwa na kidhibiti kilicho nje ya kontena. Tangu toleo la 1.27 la mwaka 2023, sehemu ya `timeZone` ya CronJob ni thabiti. Andika ukanda humo.