Mkataba Umeisha, au Umeachishwa Kazi?

Malalamiko tunayopokea Dar es Salaam siku hizi yana sura moja. Mfanyakazi amesaini mkataba wa miezi mitatu, ukaisha akasaini mwingine, kisha mwingine, miaka miwili ikakatika kiwanda kilekile cha Barabara ya Nyerere. Asubuhi moja mlinzi anamwambia jina lake halipo. Mwajiri anasema mkataba umeisha. Yeye anasema amefukuzwa.

Wote wawili wanaweza kuwa na hoja. Mkataba wa muda maalumu hufika ukomo wenyewe tarehe yake ikifika. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu pia kuwa ni kuachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kuhuisha mkataba, yaani kuuongezea muda mwingine, ilhali mfanyakazi alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia utahuishwa. Kutarajia si kutamani. Tunaangalia kilichofanyika: mkataba umehuishwa mara ngapi, meneja aliahidi nini, zamu za mwezi ujao zilikwishapangwa na jina lake limo? Kwa hiyo tunza nakala, walau picha kwenye simu. Ni kweli kwamba mwajiri asipoleta mkataba wa maandishi shaurini, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. Hiyo si ruhusa ya kuja mikono mitupu.

Wa mkataba wa kudumu nao wana yao. Kudumu maana yake mkataba hauna tarehe ya ukomo, basi. Hakuna sheria iliyosema hufukuzwi, na sijui nani anawaambia watu hivyo. Mwajiri anaweza kukuachisha akiwa na sababu halali na akifuata utaratibu, na kwa anayelipwa kwa mwezi notisi haipungui siku 28. Tena, ambaye hajatimiza miezi 6 kazini hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki, hata kama barua yake imeandikwa “kudumu” kwa wino mzito.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Lalamiko la kuachishwa isivyo haki hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama malimbikizo ya mshahara, ni siku 60. Unajaza Fomu Namba 1, nakala unamfikishia mwajiri, kisha unaiwasilisha Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipata. Usuluhishi una siku 30. Ukishindikana, shauri linakwenda kwenye uamuzi: mwamuzi anasikiliza pande zote na kutoa tuzo, yaani hukumu yake. Asiyeridhika na tuzo ana wiki 6 kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie.

Ukichelewa, unaanza kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyopotea. Juzi alikuja mama mmoja siku ya 43. Alikuwa akisubiri bosi arudi safari, wayamalize kirafiki. Tumemwandikisha ombi la muda. Shauri lenyewe bado halijaguswa.