Je, Wajua Kwa Nini Kamera ya Ful-fremu Isiyo na Kioo Hula Betri na Kushika Vumbi?

Kwa miaka mingi kamera kubwa za wapiga picha zilikuwa na kioo ndani. Kilikaa kimshazari mbele ya sensa (kibamba kinachonasa picha), kikaupeleka mwanga juu kwenye tundu la kuchungulia, na kiliinuka kwa kitambo kidogo tu pale mtu alipobonyeza. Mwaka 2013 Sony ilitoa a7, kamera ya sensa ya milimita 36 kwa 24 (ndiyo ful-fremu) isiyo na kioo hicho. Nikon na Canon zikafuata mwaka 2018. Faida za kamera hizi zinatangazwa kila siku, lakini kasoro zake kubwa zina chanzo kimoja: kioo kilipoondoka, sensa ilibaki wazi na ikapewa kazi ya muda wote.

Betri ndiyo ya kwanza kulalamikiwa. Kwenye kamera yenye kioo, kuchungulia hakuli umeme, maana unauona mwanga wenyewe. Isiyo na kioo huisoma sensa, huchakata picha na kuionyesha kwenye skrini ndogo iliyo ndani ya tundu, hata kabla hujapiga picha moja. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, Nikon D750 yenye kioo hufikisha picha 1,230 kwa chaji moja. Sony a7 ya kwanza ilifikisha kama 270 kwa anayetumia tundu. Betri zimekua tangu hapo, na a7 III ilifika 610, lakini pengo bado lipo. Kwa harusi ya mchana hadi usiku beba betri tatu, na uzime kamera unapoining'iniza shingoni: nguo ikikaribia kitambuzi cha jicho, tundu linawaka bure.

Vumbi ndilo linaloharibu kazi kimyakimya. Kwenye Nikon za kioo, sensa ilikuwa milimita 46.5 kutoka mdomo wa lenzi, nyuma ya kioo na shata (mapazia yanayoruhusu na kuzuia mwanga) iliyofungwa. Kwenye Nikon Z ni milimita 16, na katika kamera nyingi za aina hii shata hukaa wazi unapobadilisha lenzi. Canon EOS R hufunga shata ikizimwa, jambo zuri, ila mapazia yake ni mepesi mno. Usiyaguse kwa kidole.

Vumbi halikai kwenye sensa yenyewe bali juu ya kioo chembamba kinachoifunika. Ndiyo maana kwa f/2.8 (tundu la lenzi, mwanga unapopitia, likiwa pana) huoni kitu, na kwa f/16 (likiwa dogo) madoa ya kijivu yanajaa angani: tundu la lenzi likiwa dogo, miale huja imebanana na kivuli cha chembe kinakuwa na kingo kali. Kupima ni rahisi. Weka ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 100 na f/16, vuruga fokasi, piga anga au ukuta mweupe, kisha kuza picha. Doa lililo juu ya picha liko chini ya sensa. Kushoto na kulia havibadiliki ukiitazama sensa kwa mbele.

Kusafisha, chagua kwanza hali ya kusafisha sensa kwenye menyu, betri ikiwa imejaa. Elekeza mdomo wa kamera chini, upulize mara tano au sita kwa kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo, kwani mate huacha alama, wala kwa kopo la hewa, ambalo hurusha kimiminika. Doa likigoma, tumia kijiti maalumu cha upana wa milimita 24 chenye tone moja au mawili ya dawa yake: futa mara moja kwenda, geuza upande, futa kurudi, kisha kitupe.

Ukumbini hutokea kasoro nyingine. Shata ya kielektroniki, ile isiyo na sauti, husoma sensa mstari kwa mstari, na sensa kubwa yenye pikseli nyingi huchelewa kumaliza. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na picha hutoka na mistari ya giza na mwanga. Rudi kwenye shata ya kawaida, uweke kasi ya 1/50 au 1/100 ya sekunde. Taa za LED za jukwaani zina kasi zao. Hapo piga ya majaribio kabla maharusi hawajaingia.

Uzito nao haukuondoka na kioo. Sensa ni ileile, hivyo lenzi yenye f/2.8 bado inahitaji vioo vikubwa. Canon EF 24-70mm f/2.8L II ya kamera za kioo ina gramu 805. RF 24-70mm f/2.8L ya kamera mpya ina 900, ingawa ndani yake kumeongezwa kituliza mtikisiko. Anayetaka mzigo mwepesi kweli achukue lenzi za f/4, au moja ndogo isiyovuta (isiyo na zumu), kama 35mm f/1.8.