Je, wajua kwa nini ghorofa la vioo linahitaji kiyoyozi Arusha?

Mwezi wa saba Arusha watu wanashinda na makoti. Iweje basi, mji huohuo, ofisi za ghorofa la vioo ziwashe kiyoyozi kila alasiri na kumaliza Luku?

Mkosaji ni kioo, hasa kile kilichotazama magharibi. Mwanga wa jua hupenya humo kirahisi, ukapasha moto zulia, meza na kuta, lakini joto la vitu hivyo halipati njia ya kutoka kupitia kioo kama mwanga ulivyoingia. Ukishaacha gari juani madirisha yamefungwa, unalijua. Ubaridi wa nje hausaidii kama dirisha lenyewe halifunguki.

Arusha iko nyuzi 3 na ushee kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halitoki mbali na utosi mwaka mzima. Dirisha la kaskazini au kusini lenye kimo cha mita 1.5 linahitaji zege lililotokeza sentimita 75 tu juu yake ili lipate kivuli adhuhuri, hata mwezi wa sita jua likiwa limehamia kaskazini. Dirisha la magharibi ni balaa. Saa kumi jioni jua limeshainama, na zege hilo lingetakiwa kutokeza karibu mita mbili. Nani atajenga hivyo? Ndiyo maana jengo hulazwa mashariki-magharibi, na ubavu mfupi wa magharibi ukapewa ngazi na vyoo. Kiwanja kikigoma, kuna matofali ya matundu, ambayo siku hizi watu wanayadharau bure.

Usiku wa baridi nao ni mtaji. Harare, mji ulio juu kama Arusha, kuna jengo la maduka na ofisi liitwalo Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996. Mbunifu wake, Mick Pearce, aliiga kichuguu: usiku feni hupitisha hewa baridi kwenye zege zito, na mchana zege hilo hupooza hewa inayoingia ofisini. Halina kiyoyozi cha kawaida.

Kiyoyozi siyo mlaji pekee wa umeme, na hata ujirani na stendi ya daladala unaweza kusaidia. Maegesho ya chini ya ardhi hula umeme wa taa na feni za kutoa moshi wa magari. Jengo la jirani na stendi ya daladala ya Kilombero, Arusha, ambalo wateja wake wengi wanashuka na kutembea, linaweza kupunguza maegesho hayo, na pesa ya kuchimba ikajenga fremu za kupangisha.