Kuongeza asidi amino si kumtia kambale dawa ya kukua

Siku hizi utasikia chakula cha kambale kikisifiwa kwamba "kina asidi amino", kana kwamba kimetiwa kitu cha kuwanenepesha samaki upesi. Upande wa pili yuko anayeona protini kwenye mfuko imeshuka kutoka asilimia 32 hadi 28, akaamua kwamba ameibiwa na hizo asidi amino zimewekwa kufunika wizi. Wote wawili wanakosea mahali pamoja.

Maana yenyewe ni fupi. Protini ni mnyororo wa asidi amino. Kambale huuvunja tumboni, kisha hujenga nyama yake kwa vipande vile vile. Kumi kati ya vipande hivyo mwili wake hauwezi kuvitengeneza vya kutosha, sharti vitoke kwenye chakula. Kuongeza asidi amino ni kutia ile iliyopungua tu, ikiwa imetengenezwa peke yake kiwandani, badala ya kurundika mashudu au unga wa samaki hadi ifikie kiasi.

Hapo kwenye "iliyopungua" ndipo watu hupita mbio. Fundi mwenye mikono ya mashati kumi na kola sita atashona mashati sita. Mletee mikono mingine mia, bado ni sita. Tena kambale hana ghala la kuwekea asidi amino zilizobaki. Huzichoma kupata nguvu, na nitrojeni yake hutoka kupitia matamvua ikiwa amonia, taka yenye sumu kwa samaki, ikaingia kwenye maji yale yale anayoishi. Kwa hiyo protini nyingi isiyolingana ni gharama mara mbili: unainunua, halafu unahangaika na maji.

Inayopungua hutegemea ulichochanganya. Lisini ni moja ya zile kumi; mahindi na mashudu ya pamba yanayo kidogo, na gosipoli, sumu ya asili iliyomo kwenye pamba, huifunga sehemu ya hiyo kidogo. Soya ina lisini nzuri, ila methionini yake, nyingine kati ya zile kumi, ni haba. Anayetia methionini kwenye mchanganyiko wa mahindi na pamba amenunua mikono.

Kwa kambale wa Marekani, ambaye amechunguzwa sana, lisini inayohitajika ni kama asilimia 5.1 ya protini, yaani takriban gramu 14 kwa kilo ya chakula chenye protini asilimia 28. Tuseme mchanganyiko wako una gramu 11. Pengo ni gramu 3. Lisini ya kiwandani iliyozoeleka, ile ya haidrokloridi, ina lisini halisi kama asilimia 78, hivyo utapima karibu gramu 3.8 kwa kilo. Ukizidisha hapo, ziada nayo inachomwa.

Na ile tarakimu ya mfukoni? Haihesabu asidi amino hata moja. Inatokana na njia ya Johan Kjeldahl wa Denmark ya mwaka 1883: hupimwa nitrojeni, kisha huzidishwa kwa 6.25, kwa kuwa protini kwa wastani ina nitrojeni asilimia 16. Hata urea, ambayo si protini, huipandisha. Ndiyo maana huitwa protini ghafi, na mtu hawezi kulinganisha mifuko miwili kwa hiyo peke yake.

Haimaanishi protini ishushwe bila kikomo. Ukiziba pengo la lisini, asidi nyingine hugeuka kuwa ndiyo haba, na protini ikiwa ndogo mno kulinganisha na nguvu iliyomo, kambale hujaa mafuta. Asidi amino za kiwandani pia huyeyuka majini chakula kikichelewa kuliwa.

Basi, ndugu mfugaji, ukiambiwa chakula kina asidi amino, uliza ni ipi, na mchanganyiko ulikuwa umepungukiwa nayo kwa gramu ngapi. Muuzaji akikujibu "zote", bado hajakujibu.