"Chakula cha asili" ni asili ya nini?

Nimeisikia tena wiki hii, na safari hii kutoka kwa mtu ambaye kwa kawaida hasemi ovyo: "Mahindi yaliletwa na Wahindi, jina lenyewe linakuambia." Aliyekaa pembeni yake akaruka: hapana, ugali ni chakula chetu cha asili, tumeula tangu enzi za mababu wa mababu. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilinyamaza, maana wote wawili walikuwa wamelibebesha neno moja mizigo mitatu, na kuipakua ingechukua muda kuliko tuliokuwa nao. Naipakua hapa.

Maana kwanza, tena haraka. Asili tumeipata kwa Waarabu. Kwao ni mzizi, na kutoka hapo ikawa chanzo cha jambo lolote. Chakula cha asili basi kingekuwa kile ambacho mzizi wake uko hapa. Shida ni kwamba kwenye sahani hakuna mzizi mmoja. Upo mmea, ambao binadamu walianza kuupanda mahali fulani. Huo una chimbuko. Upo mlo, yaani namna ya kuupika na kuula, nao una mwanzo wake peke yake. Halafu lipo jina, lenye safari yake, na hilo ndilo linalodanganya watu kuliko yote. Mmea, mlo na jina vinaweza kutoka pande tatu za dunia na kukutana kwenye tonge moja. Anayesema "cha asili" bila kutaja kipi kati ya hivyo hajasema kitu bado.

Sasa hilo jina.

Hindi lilitoka Meksiko. Wataalamu wa mimea wanalifuatilia hadi bonde la mto Balsas, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, kiasi cha miaka 9,000 iliyopita, ambako wakulima walilitoa kidogo kidogo kwenye nyasi ya porini iitwayo teosinte, yenye punje chache tu, kila moja imefungwa ndani ya ganda gumu. Kabla ya mwaka 1492 hakukuwa na mtu India, wala Ulaya, wala huku kwetu, aliyewahi kushika gunzi mkononi. Columbus na watu wake walilikuta visiwani Karibiani, ambako Wataino waliliita mahiz, na Wahispania wakalifanya maíz. (Kufanana kwa "mahiz" na "mahindi" ni bahati tu. Ile "ma-" yetu ni ya wingi.)

Kwa nini basi sisi tuliliita hivyo? Tazama ngeli zinavyocheza. Mhindi akiwa mtu, wingi wake Wahindi. Mhindi ukiwa mmea, wingi wake mihindi. Punje zake ni mahindi. Mzizi ni uleule, hivyo ni kweli kwamba watu wa pwani waliihusisha nafaka hii na India. Lakini kuihusisha ni jambo moja, na kuipata huko ni lingine. Pwani ilikuwa imefanya biashara na Gujarat kwa karne nyingi, na India ndiyo ilikuwa ng'ambo inayojulikana. Kitu kigeni kikishuka kutoka chomboni, unakipa jina la ng'ambo unayoijua. Wanaotajwa kwa kawaida kuwa ndio waliolileta hindi upande huu wa bahari ni Wareno, kuanzia karne ya 16. Jina limehifadhi dhana ya waliolipokea, na kwa historia ya biashara yetu hiyo ni habari nzuri sana, ila si cheti cha kuzaliwa cha mmea.

Na kama unadhani Waswahili peke yao walikosea, fuatilia kidole. Waitaliano huita mahindi granturco, nafaka ya Kituruki. Nenda kwa Waturuki: wao huyaita mısır, yaani Misri. Nenda Misri: wenyewe husema dhura shamiya, mtama wa Shamu, yaani Syria na jirani zake. Waarmenia wana neno lenye maana ya ngano ya Misri, na Wahausa husema masara, kutokana na jina lao la Misri. Kila mmoja ananyooshea jirani, na hakuna hata mmoja anayenyooshea Meksiko. Bata mzinga, naye wa Meksiko, alipatwa na yaleyale: Waingereza wanamwita kwa jina la Uturuki, Wafaransa dinde, "wa India", Wareno peru, na Waturuki wenyewe wanamwita hindi. Ukiwa Istanbul na hamu ya mahindi ya kuchoma, usiombe hindi. Utaletewa ndege.

Pilipili inanikera zaidi, kwa sababu hapo jina ni la kweli lakini mwenyewe kanyang'anywa. Neno lilianzia kwenye pippali ya Kisanskriti, likapita kwa Waajemi na Waarabu, likatufikia. Wakati huo lilitaja punje nyeusi za mtambaazi wa India, zile ambazo leo tunalazimika kuziita pilipili manga, Manga ikiwa ni Uarabuni, upande wa Maskati, zilikokuwa zikipitia. (Hata hapo si zilikoota.) Kisha ikaja hii ya kuwasha, ya Amerika, isiyo na udugu wowote na ile ya kwanza, ikakalia jina zima, na mwenye jina akaachiwa jina lenye mkia. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alipita Mogadishu na kuandika alichokaribishwa: wali uliopikwa kwa samli, kitoweo cha kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni achari ya ndimu na vishada vya pilipili vilivyotiwa chumvi na siki. Wapo wanaosoma hapo na kuona pilipili kichaa. Haiwezekani. Ilikuwa bado miaka 161 Columbus atie nanga. Vishada vile ni vya pilipili manga mbichi, ambayo kweli huota kwa vishada.

Njugu nayo ndiyo hiyohiyo. Njugu mawe ni ya Afrika. Njugu nyasa, yaani karanga, ilitoka Amerika Kusini, lakini imevaa jina la Nyasa kana kwamba ilizaliwa ziwani. Ukiamini majina, mgeni atakuwa wa hapa kuliko mwenyeji.

Nimelikalia jina muda mrefu, najua. Tuje kwenye mlo, ambako yule wa pili, mtetezi wa ugali, ana haki zaidi ya alivyojua.

Ugali ni unga uliosongwa kwenye maji ya moto mpaka ushikamane. Basi. Unga wa nini, hilo ni swali lingine. Watu wa sehemu hizi walikuwa wakisonga unga wa mtama, wa ulezi na wa uwele muda mrefu kabla mhindi haujaota huku, na wapo wanaosonga hivyo hadi leo, au wanaochanganya na muhogo. Hindi lilipokuja halikuja na mlo wake. Lilikuta mwiko uko tayari, chungu kinachemka, na mtu anayejua kazi. Likaingia mahali pa mtama, na kwa kuwa suke lake limefunikwa vizuri, ndege hawalimalizi shambani kama wanavyomaliza mtama. Kuenea kwake bara hadi kuwa nafaka kuu ni habari ya karne ya 19 na zaidi ya 20. Kwa hiyo mlo ni wa zamani, unga ni mpya. Ukiuliza asili ya ugali, jibu liko kwenye mwiko.

Waitaliano wa kaskazini wana kisa kilekile. Polenta yao ya njano, ambayo wataapa ni ya mababu, leo ni ya mahindi, lakini kwa Kilatini neno hilo lilitaja shayiri. Walikuwa na uji mzito wa nafaka nyingine, hindi likaja, likaingia sufuriani bila kubadilisha jina la chakula. Na nyanya, ambayo watu hudhani iliota Napoli? Mapishi ya mchuzi wa nyanya yaliyochapwa mapema kabisa katika Italia yalitoka katika kitabu cha Napoli cha miaka ya 1690, na mwandishi mwenyewe aliuita mchuzi wa Kihispania. Alijua ni kitu cha wageni. Vitukuu ndio waliosahau.

Ila kuna upande wa jambo hili usiochekesha. Meksiko, mahindi yalichemshwa kwanza kwenye maji yenye chokaa au majivu, ganda likatoka, ndipo yakasagwa. Ilionekana kama njia ya kulainisha tu. Kumbe kazi yake kubwa ilikuwa kuifungua niasini, vitamini iliyomo ndani ya punje lakini imefungika kiasi kwamba mwili hauipati. Wazungu walichukua mbegu, ile chokaa wakaiacha. Waliodumu kwa mahindi karibu peke yake wakaanza kubabuka ngozi juani, kuhara, kuchanganyikiwa, kufa. Daktari Gaspar Casal aliuandika ugonjwa huo huko Asturias, Hispania, mwaka 1735, na Waitaliano ndio walioupa jina la pelagra, kutokana na maneno yao ya ngozi kali. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa ukiua maskini wa kusini mwa Marekani, na daktari Joseph Goldberger alihangaika miaka kuwashawishi wenzake kwamba shida ni chakula wala si vijidudu. Mtu akiniuliza kwa nini nang'ang'ania kutenganisha mmea na mlo, jibu langu ni hili. Mmea ulivuka bahari kwa mwendo wa jahazi. Upishi wake ulibaki kwa wenyewe.

Na yule wa kwanza, wa Wahindi? Ana kisa kizuri mkononi ila amekishika kichwa chini. Mtama, uwele na ulezi vilianza kulimwa Afrika. Vyote vitatu vilivuka kwenda India zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na huko vikawa jowar, bajra na ragi. Mkulima wa Karnataka, kusini mwa India, anayekula tonge la ragi, ambalo kwa sura hulitofautishi na ugali wa ulezi, anadhani anakula chakula cha asili cha Karnataka. Simlaumu. Ila tukitaka kweli kuzungumzia nafaka iliyovuka Bahari ya Hindi, shehena ya kwanza tuliipakia sisi.

Neno ninalopendekeza tunalo tayari, na tunalitumia kwa kuku bila kufikiri: kienyeji. Linatokana na mwenyeji, naye ni mwenye mji. Kuwa mwenye mji hakudai uwe umezaliwa hapo; kunadai ukae, ujenge, ufanye kazi na wenzako. Si ndiyo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Hindi lilipewa jembe siku nyingi. Muhogo pia, na kiazi kitamu. Kwa hiyo kisamvu na matembele, ambavyo huwekwa juu kabisa kwenye orodha za "mboga za asili", ni majani ya mimea miwili ya Amerika, na ukiyaita mboga za kienyeji hakuna atakayekupinga, hata mimi.

Wale wawili nitawaona tena Jumamosi. Wa kwanza nitamwomba tu abadilishe kitenzi: Wahindi hawakutuletea mahindi, sisi ndio tuliyaita yao. Wa pili nitamwachia ugali wake wa asili, mradi tukifika kwenye unga aseme wa kienyeji.