Kampuni imefilisika Nairobi, mzigo uliutoa Dar: deni lako unadai wapi?

Swali hili naletewa sana, na mara nyingi linakuja limeshachelewa: "Wakili, wale jamaa wametangaza ufilisi kwao Nairobi, mimi mzigo niliwapa hapa hapa Dar, sasa pesa yangu nadai kwa nani?" Jibu langu la kwanza huwa linawaudhi wateja, nawaambia nionyeshe LPO, ile oda ya maandishi ya kununua mzigo. Sitaki meseji za WhatsApp za meneja manunuzi, nataka LPO yenyewe. Juu pale utakuta nembo kubwa ya duka na rangi zake, ile ambayo wewe uliiamini, halafu chini kabisa kwa herufi ndogo ndogo ndo kuna jina la aliyekuagizia mzigo. Kama jina linaishia na "(T) Limited" basi mdaiwa wako ni kampuni ya Kitanzania, imesajiliwa BRELA (wakala wa kusajili makampuni), na hao waliofilisika Nairobi ni mwenye hisa wake tu. Hawakudai na wewe huwadai, hata kama nembo ni moja na bosi ni mmoja na hela zote zilikuwa zinavushwa mpaka kila wiki.

Watu wengi hapo ndo wanashtuka. Wanajua "kampuni ni mtu wake mwenyewe" kwa kusikia, lakini hawajawahi kuliona likiwagonga wao. Uchumi, wale wa supamaketi za Kenya, walipofunga maduka yao ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015, kampuni mama kule Kenya iliendelea kufanya biashara. Nakumatt nao walichukua maduka ya Shoprite hapa Tanzania 2014, Mlimani City mnaikumbuka, na Januari 2018 mahakama ya Nairobi ikaiweka kampuni chini ya msimamizi, yaani mtu wa kuiendesha badala ya wakurugenzi. Kwa sheria ya Kenya, ile ya ufilisi ya 2015, msimamizi akishawekwa kunakuwa na zuio, hakuna kufungua kesi wala kukamata mali bila ruhusa yake au ya mahakama. Sasa swali la kisheria linaloninyima usingizi (sawa, nimeongeza chumvi kidogo) ni hili: lile zuio la Nairobi linafika Mlimani City?

Kwa nguvu zake lenyewe, halifiki. Amri ya mahakama ya Kenya inaishia Namanga. Ili ivuke lazima mahakama ya huku iipokee, na kuipokea lazima kuwe na mlango wa kisheria wa kupitia.

Huo mlango dunia iliuchonga 1997. Tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa, UNCITRAL, ilitoa sheria ya mfano ya ufilisi unaovuka mipaka, kwamba nchi ichukue iingize kwenye sheria zake. Inavyofanya kazi si ngumu: mfilisi wa nje anakuja na amri yake ya kuteuliwa, anaiomba mahakama ya huku imtambue, mahakama inaangalia ufilisi ule umefunguliwa pale ambapo ndo kitovu halisi cha shughuli za mdaiwa (mawakili wanapaita COMI) au mahali penye tawi tu, halafu inatoa nafuu kulingana na hapo. Ukiwa ni ufilisi mkuu zuio linashika lenyewe, hakuna kuomba kipande kwa kipande. Na kuna kifungu cha 13 ambacho watu hawakisemi: mdai wa nje ana haki ya kushiriki sawa na mdai wa nyumbani, hawezi kutupwa mwisho wa foleni eti kwa sababu anatoka Dar. Kenya wameiingiza kwenye sheria yao ya 2015, Uganda wana sehemu yao ya ufilisi wa mipakani kwenye sheria ya 2011, Mauritius 2009, Malawi 2016, na zile nchi 17 za OHADA (umoja wa kuoanisha sheria za biashara) kule Afrika Magharibi na Kati waliichukua kwa mpigo 2015.

Sheria yetu ya Makampuni ya 2002 iliandikwa bila sura hiyo, miaka mitano baada ya UNCITRAL kumaliza kazi yake. Ile Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, inahusu mtu binafsi na asili yake ni enzi ya mkoloni, 1930. Kwenye makampuni tulichonacho ni vifungu vya kampuni za nje zilizofungua ofisi hapa, kwamba zijisajili, na kwamba mahakama inaweza kufilisi hata kampuni ambayo haikuandikishwa hapa. Hiyo inakuwezesha kuanzisha ufilisi mwingine huku. Kumtambua yule mfilisi aliyeteuliwa kule ni habari nyingine kabisa.

Kwahiyo wakili anayemwakilisha mfilisi wa nje mbele ya Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, anatafuta msaada wapi? Anakwenda kwenye ile sheria tunayoiita JALA, Sura ya 358, inayosema mahakama zetu zitatumia sheria ya kawaida ya Kiingereza na kanuni zake za haki kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu. Na hapa ndo mambo yanakuwa matamu.

Ile tarehe ya 1920 inakata kesi za Kiingereza mafungu mawili. Kesi za kisasa zote zinazosaidia au kuzuia ushirikiano, mfano Rubin ya 2012 pale Mahakama ya Juu ya Uingereza iliposema hukumu inayotokana na ufilisi haipati njia ya mkato ya kukaziwa, au Singularis ya 2014 ya Baraza la Faragha (Privy Council) la London iliyokubali kuwa mahakama ina uwezo wa kumsaidia mfilisi wa nje kupata taarifa ila kwa mipaka, zote hizo kwetu ni za kushawishi tu, jaji akitaka anazifuata asipotaka anaziacha. Lakini kesi ya Gibbs ya 1890 iko upande wa pili wa mstari, ni ya kabla ya 1920, kwahiyo imo ndani ya sheria tuliyoipokea! Gibbs walikuwa wameiuzia kampuni ya Kifaransa shaba, mkataba wa Kiingereza, kampuni ikafa, ufilisi ukafunguliwa Ufaransa, na mahakama ya London ikasema: deni lililo chini ya sheria ya Kiingereza halifutwi na ufilisi wa nchi nyingine, labda mdai mwenyewe akubali kuingia kwenye ule mchakato. Wasomi wameipiga mawe kanuni hiyo miaka na miaka, na 2018 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilipewa nafasi ya kuikwepa kwenye shauri la Benki ya Kimataifa ya Azerbaijan ikakataa, Sberbank, benki ya Urusi iliyokuwa inaidai, wakabaki na madai yao ingawa mpango wa madeni wa kule Baku ulishapitishwa na wadai wengi.

Hii inatuhusu nini sisi? Angalia mikopo mikubwa ya makampuni ya hapa, ya mitambo, ya meli, ya migodi. Mikopo ya benki kadhaa kwa pamoja kutoka nje, mingi inaandikwa chini ya sheria ya Uingereza. Sasa kampuni ya Dar ikibanwa ikapata mpango wa kupunguziwa madeni kwenye mahakama yetu, wadai wa hapa wakabanwa na huo mpango, benki ya nje ambayo haikushiriki inaweza kukaa London ikisema deni langu liko pale pale shilingi kwa shilingi. Mkurugenzi anadhani amemaliza kesi kumbe amemaliza nusu. Kila nikipitia mkataba wa mkopo wa mteja kile kifungu cha "sheria itakayotumika" nakisoma kabla ya riba, na wateja wananishangaa.

Wapo wenzangu wanaosema basi bila kuingiza sheria ya mfano hakuna kinachowezekana. Mi sikubaliani nao, na mfano wangu ni Jet Airways, shirika la ndege la India. India nao walikuwa hawajaiingiza. Mwaka 2019 ndege ya Jet ilikamatwa uwanja wa Schiphol, Amsterdam, mahakama ya Uholanzi ikafungua ufilisi Mei, na huku Mumbai nako mchakato ukafunguliwa Juni, na baraza la mashauri ya makampuni la Mumbai likasema huo ufilisi wa Uholanzi halitautambua, ni batili. Ikaenda rufaa. Septemba mwaka huo huo baraza la rufaa likageuza, likawakubali mfilisi wa Uholanzi na msimamizi wa India wakae chini waandike makubaliano ya kufanya kazi pamoja, nani anauza nini, nani anashiriki vikao vya wadai, ikapitishwa. Kampuni yenyewe haikupona, Mahakama ya Juu ya India iliamuru ifilisiwe Novemba 2024, ila mbinu ilionyesha kuwa majaji wawili wa nchi mbili wanaweza kuelewana bila kusubiri bunge. Inahitaji jaji jasiri na mawakili wenye subira, na gharama yake ni kubwa kuliko kama kungekuwa na sheria.

Upande wa pili, ambako hakuna kuelewana, tuna wa kwetu: FBME. Benki imesajiliwa Tanzania, makao makuu hapa Dar, lakini sehemu kubwa mno ya biashara yake ilikuwa Cyprus. Julai 2014 kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani kinachofuatilia utakatishaji fedha kikainyooshea kidole, wiki hiyo hiyo benki kuu ya Cyprus ikalishika tawi, na BoT, Benki Kuu yetu, nao wakaishika benki huku. Cyprus wakafuta leseni ya tawi Desemba 2015, BoT wakafuta leseni ya benki Mei 2017 na kuiteua Bodi ya Bima ya Amana, DIB, kuwa mfilisi. Sasa fikiria wewe ndo mfilisi: amri yako imetoka Dar, mafaili na wateja wengi na sehemu kubwa ya pesa viko Nicosia, na mamlaka ya kule inasema tawi lina mchakato wake kwa sheria zake. Mwenye akaunti Kinondoni alistahili bima isiyozidi sh 1,500,000 kwa kiwango cha wakati ule, na kilichozidi hapo kilitegemea mfilisi akusanye mali, na mali iko nchi nyingine. Ukitafuta sababu kwanini wenye amana walisubiri muda wote ule, sehemu kubwa ni hii: hakuna mahakama moja iliyokuwa na mamlaka yanayokubalika pande zote mbili. Sheria ya mfano yenyewe inaruhusu nchi kuziweka benki pembeni, na nyingi zinaziweka, kwahiyo kwa benki nadhani dawa ni benki kuu za nchi husika kuandikiana mapema, leseni ya tawi isitoke kabla ya hayo makubaliano.

Tofautisha na ARM Cement, kampuni ya saruji ya Kenya. Pale mtoto (kampuni tanzu) alikuwa kampuni kamili, Maweni Limestone ya Tanga, siyo tawi. ARM ikaingia usimamizini Nairobi Agosti 2018, na wasimamizi hawakuhitaji kuja kukamata kiwanda cha Tanga, walikuwa wameshika hisa. Wakaziuza, Huaxin wa China wakaichukua Maweni 2020. Biashara ikaendelea na wadai wa Maweni wakabaki na mdaiwa wao yule yule chini ya mwenye hisa mpya. Sapulaya wa Tanga asiyejua tofauti hiyo angeweza kwenda kujiandikisha kwa msimamizi Nairobi bure, akapoteza muda, wakati deni lake liko kiwandani palepale.

Nikirudi kwenye mali zisizohamishika, hapo hata Waingereza wamekaza. Novemba 2024 Mahakama yao ya Juu, shauri la Kireeva na Bedzhamov, ilimkatalia msimamizi wa ufilisi kutoka Urusi nyumba ya Belgrave Square London, ikisema ardhi ya Uingereza inaongozwa na sheria ya Uingereza na msimamizi wa nje hana haki nayo kwa kanuni za kawaida. Sisi kwetu ni zaidi: Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. Kwahiyo mfilisi wa nje akiniuliza kuhusu ghala la Vingunguti namwambia aombe ufilisi wa hapa hapa, apatikane mfilisi wa hapa, ghala liuzwe kwa taratibu za hapa. Na akiuliza ofisi gani ya serikali inahusika na ufilisi, watu wanacheka nikisema RITA, manake wengi wanaijua kwa vyeti vya kuzaliwa, wakati jina lake kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Kwa sapulaya, mambo machache ya kweli. Kama unampa mzigo mtoto wa kampuni ya nje kwa mkopo wa siku 60 au 90, omba dhamana ya maandishi ya kampuni mama, hiyo ndo itakupa sauti Nairobi au Johannesburg siku mambo yakiharibika, vinginevyo kule wewe ni mtazamaji. Weka kwenye mkataba kwamba mzigo unabaki wako mpaka ulipwe, na uuwekee alama za kuutambua stoo, manake mfilisi hatakuamini kwa maneno. Ukisikia zuio limetoka nchi nyingine usikae ukasubiri, wala usivamie duka kubeba friji, mpigie wakili wako siku hiyo hiyo.

Na wanaoandika sheria, kama kuna siku tutaichukua ile ya UNCITRAL, naomba kitu kimoja: tusiweke sharti la "tutakutambua kama na wewe unatutambua". Afrika Kusini waliweka. Sheria yao ni ya mwaka 2000, ya kwao inataka waziri ataje kwanza nchi zinazonufaika, na hakuna nchi iliyotajwa, kwahiyo imekaa kwenye vitabu huku majaji wao wakiendelea na kanuni zile zile za zamani za kumtambua mfilisi wa nje kesi kwa kesi. Wasiwasi kwamba wageni watakuja kuhamisha mali una kinga yake mle mle ndani: mahakama inaweza kukataa jambo lililo wazi kinyume na sera ya umma, na kabla ya kumruhusu mfilisi wa nje kutoa mali nchini lazima iridhike kuwa wadai wa hapa wamelindwa vya kutosha.