Unywele ulioota ndani ya ngozi: ni nini, na kwa nini miguu hutoka vipele baada ya kunyoa

Siku ya kwanza baada ya kunyoa, mguu unateleza kama kauri. Siku ya tatu au ya nne, ukipitisha mkono juu ya muundi unakuta vidoti vigumu. Vingine vinawasha, kimoja au viwili vina kichwa cheupe. Wengi wetu tunaviita vipele vya wembe, tunapaka chochote kilicho karibu, na wiki inayofuata tunanyoa juu yake tena. Mara nyingi vipele hivyo ni nywele zilizoota ndani ya ngozi.

Maana yake ni hii: unywele ambao ulipaswa kutoka nje na kurefuka umeingia kwenye ngozi yako mwenyewe, na unaendelea kukua humo humo. Umetoka kwako, lakini ukishachoma tabaka la ndani, mwili unaushughulikia kama mwiba. Damu inakimbilia pale, ngozi inavimba, inawasha, inauma, na wakati mwingine inatunga usaha. Jina la kitabibu la hali hii, ukilifasiri, linakaribia kuwa "uvimbe wa vifuko vya nywele usio wa kweli". Uvimbe wa kweli kwa kawaida huletwa na vijidudu. Huu huanza bila kijidudu chochote, unywele peke yake ukitosha. Bakteria wakiingia baadaye kwenye kidonda, hiyo ni safari ya pili.

Nimeanza na hilo makusudi. Wanawake wengi wameaibishwa kwa vipele vya miguuni kana kwamba hawaogi. Matokeo yake wanajisugua kwa brashi ngumu mpaka ngozi inachubuka, na hali inakuwa mbaya zaidi. Tatizo hili halitokani na uchafu. Linatokana na mambo mawili: umbo la unywele, na jinsi ncha yake ilivyokatwa.

Chukua umbo kwanza. Kila unywele unaota kutoka kwenye kifuko kidogo kilichozama ndani ya ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka, kifuko hicho kimenyooka. Kwa mwenye nywele za kipilipili, kifuko kimepinda, na unywele unatoka ukiwa na mpindo tayari. Ndiyo maana watu wenye nywele za kujikunja ndio wanaosumbuliwa zaidi, iwe ni ndevu za wanaume, kwapa, kinena au miguu. Malaika wa miguuni, yaani vile vinyweleo vya mwilini, mara nyingi hawajikunji kama wa kinena, kwa hiyo miguu hupata nafuu kidogo, lakini haisalimiki.

Sasa ncha. Unywele ambao haujawahi kukatwa unakwenda ukichongoka polepole hadi mwisho laini. Wembe ukipita, unaukata kwa mshazari na kuuacha na ncha kali, kama mwanzi uliokatwa kwa panga. Ncha hiyo inaweza kuingia ngozini kwa njia mbili. Ya kwanza, unywele unatoka nje vizuri, unarefuka milimita chache, unajipinda na kuchoma ngozi kando ya tundu ulilotokea. Ya pili ndiyo ya hila. Unywele uliokatwa chini kuliko usawa wa ngozi unaanza kukua ungali ndani, na ncha yake inatoboa ukuta wa kifuko kabla haujaliona jua.

Hiyo njia ya pili ndiyo inayonifanya niseme jambo ambalo matangazo ya nyembe hayasemi: ulaini tunaoutafuta ndio unaotuumiza. Wembe wenye makali mawili, matatu au matano umebuniwa hivi: kali la kwanza linaushika unywele na kuuvuta juu kidogo, linalofuata linaukata kabla haujarudi. Ukishakatwa, unarudi chini ya usawa wa ngozi. Mguu unateleza kweli, na ncha kali imebaki imejificha ndani ya kifuko. Kuvuta ngozi kwa mkono wa pili wakati wa kunyoa kunafanya vile vile, na kunyoa kinyume na uelekeo wa nywele pia.

Kwa hiyo, kama miguu yako hutoka vipele, lengo lako liwe kunyoa kwa usawa wa ngozi, siyo chini yake. Utabaki mkwaruzo mdogo sana ukipapasa. Uukubali. Macho hayauoni, na ndio unaokuepusha na wiki mbili za kujikuna.

Kunyoa kwenyewe kufanyike mwisho wa kuoga, siyo mwanzo. Unywele mkavu ni mgumu na hukatika kwa ncha kali. Ukikaa kwenye maji ya vuguvugu dakika chache hufyonza maji, hulainika, na wembe hauhitaji kukandamizwa. Paka jeli au povu la kunyolea. Sabuni ya kawaida hukausha ngozi na haitelezeshi wembe vizuri. Uelekeo wa nywele uutafute mapema. Pitisha kiganja juu ya mguu kabla hujaulowesha: upande unaoteleza ndio nywele zinakolala, upande unaokwaruza ndio kinyume. Kwenye muundi nywele nyingi hulala kuelekea chini, lakini kwenye shavu la mguu na kuzunguka goti hubadilika, na huko ndiko wengi hunyoa kwa mazoea bila kuangalia. Fuata zinakolala. Mkono uwe mwepesi, suuza wembe kila baada ya mpito, usirudie mahali pamoja mara tatu nne. Wembe wa kali moja, au mashine ya umeme inayoacha nywele fupi kabisa badala ya kuzimaliza, ni chaguo zuri kwa ngozi inayoudhika haraka.

Wembe butu nao ni adui, maana haukati, unakwanyua. Ubadilishe baada ya kunyoa mara tano hadi saba. Uuanike pakavu, siyo kuuacha bafuni kwenye unyevu, na usiazimane na mtu yeyote, hata dada yako.

Hapa niingize kando imani moja isiyokufa: kwamba ukinyoa, nywele hurudi nene na nyeusi zaidi. Mwaka 1928 mtafiti wa Marekani, Mildred Trotter, alilipima jambo hilo na hakuona kunyoa kunabadilisha unene, rangi wala kasi ya kukua. Kinachotudanganya ni ile ncha iliyokatwa: shina fupi lenye mwisho mnene linakwaruza mkononi na kuonekana jeusi, tofauti na ncha nyembamba ya asili. Kifuko kiko chini sana, hakijui kama juu umepita wembe.

Njia nyingine za kuondoa nywele hazikuokoi moja kwa moja. Waksi hung'oa unywele na mzizi wake, na unaporudi huwa na ncha nyembamba, jambo zuri. Lakini ncha hiyo ni dhaifu, na isipoweza kupenya ngozi iliyofunga juu ya tundu, hujikunja chini yake. Tena si kila unywele hung'oka mzima. Unaokatikia ndani ndio hasa unaozaa kipele. Ili waksi iushike vizuri, unywele uwe umefika walau milimita 6. Mashine za kung'oa nywele na kibanio zina hatari hiyo hiyo ya kukatia ndani. Anayetumia krimu za retinoidi (dawa za ngozi za jamii ya vitamini A) aache siku chache kabla ya waksi, na aliyemeza isotretinoini kwa ajili ya chunusi asipakwe waksi mpaka ipite miezi sita tangu amalize dozi, kwa sababu ngozi yake inaweza kubanduka pamoja na nta.

Krimu za kuondoa nywele huyeyusha protini ya unywele badala ya kuukata, kwa hiyo mwisho unaobaki si mkali, na kwa vipele vya kuotea ndani mara nyingi zina afadhali kuliko wembe. Ubaya ni kwamba ngozi yako nayo ina protini ya aina hiyo. Jaribu mahali padogo, subiri siku nzima, na usizidishe dakika zilizoandikwa kwenye kopo hata kama bado unaona nywele.

Kati ya kunyoa na kunyoa, kazi ni kuzuia ngozi mfu isizibe vitundu. Hapa naamini katika upole. Losheni yenye asidi ya salisiliki au asidi ya glikoliki, mara mbili tatu kwa wiki, hulegeza ngozi mfu bila kukwaruza. Usiipake siku ile ile uliyonyoa, itachoma. Baada ya kunyoa, mafuta mepesi yasiyo na manukato yanatosha, na siku hiyo vaa nguo pana; suruali ya kubana huzilaza nywele fupi na kuzisukuma zirudi ngozini.

Na kikishatoka? Acha kunyoa mahali hapo mpaka patulie. Hili ndilo gumu kwa watu, na ndilo lenye nguvu kuliko dawa zote.

Mwaka jana nilikuwa na kimoja chini kidogo ya goti la kushoto. Nilipokaa dirishani kwenye mwanga wa asubuhi niliuona unywele wenyewe: alama nyeusi kama mkato wa kalamu, umejikunja chini ya ngozi nyembamba mithili ya ganda la kitunguu. Niliweka kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto ya kuvumilika, dakika kumi, asubuhi na jioni. Siku ya tatu kitanzi cha unywele kilikuwa kimepanda juu kabisa. Nikachukua sindano niliyoisafisha kwa spiriti, nikaipitisha chini ya kitanzi na kukiinua. Hakuna damu. Unywele ulifyatuka ukasimama, mrefu kuliko nilivyotarajia, karibu sentimita nzima. Nikauacha pale pale.

Kuuacha ndiyo sehemu inayokera mkono. Ukiung'oa, unaofuata utaota kutoka kifuko kile kile chenye majeraha, na una nafasi nzuri ya kupotea tena. Na kama unywele hauonekani, usiuchimbe. Miaka ya nyuma nilikuwa nachimba kwa kucha, nikidhani natoa uchafu, na doa moja kwenye paja lilikaa miezi mingi baada ya kipele chenyewe kusahaulika.

Madoa hayo yanastahili kutajwa, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Ngozi yenye melanini nyingi, ile rangi ya asili ya ngozi, ikiudhiwa huzalisha rangi zaidi, na alama inabaki kipele kikiwa kimepona. Si kovu, hufifia, ila kwa miezi, na jua huichelewesha. Krimu kali za kujichubua hazifai hapa. Zinaiudhi ngozi upya na kuanzisha doa jingine. Mwenye asili ya kupata keloidi, makovu yanayovimba kupita jeraha lenyewe, awe mwangalifu mara mbili.

Kabla hujamaliza dawa zote, hakikisha pia unachotibu ni hicho. Kama vidoti vimeenea sawasawa kwenye mapaja na nyuma ya mikono ya juu, ni vikavu kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na vilikuwapo hata kabla hujaanza kunyoa, huenda ni vizibo vya keratini tu, ile protini ngumu ya ngozi. Hali hiyo ni ya kurithi, haina madhara, na huhitaji kulainishwa kwa losheni zaidi ya kitu kingine. Vidonda vyenye usaha vinavyoongezeka haraka, wekundu au weusi unaosambaa wenye joto, homa, au kipele kisichopona kwa mwenye kisukari: hayo ni ya daktari, na mapema.

Kwa anayerudiwa kila mara, leza ndiyo yenye ahadi kubwa, kwa kuwa unywele usioota hauwezi kuotea ndani. Mwanga wake hufuata rangi ya unywele, na kwenye ngozi nyeusi mwanga usiofaa huunguza ngozi pamoja na unywele. Uliza ni mashine gani kabla hujalala kitandani. Aina ya Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064, ndiyo iliyo salama zaidi kwa weusi wetu. Leza hupunguza sana, haimalizi kabisa. Inayomaliza ni sindano ya umeme inayoua kifuko kimoja kimoja. Ilianza hasa kwa tatizo linalofanana na letu: mwaka 1875 daktari wa macho wa St. Louis, Marekani, Charles Michel, alieleza jinsi alivyoitumia kuondoa kope zilizoota kuelekea jichoni. Kwa miguu mizima ni kazi ya subira isiyo ya kawaida.

Na ipo njia isiyogharimu chochote, kuacha nywele zikae. Mtindo wa kila mwanamke kunyoa miguu kwa wembe wa nyumbani si mkongwe hivyo. Kampuni ya nyembe ya Gillette ilitoa wembe wake wa kwanza kwa wanawake mwaka 1915. Malaika wa miguuni hawana ubaya wowote kiafya. Hata anayetaka kuendelea kunyoa anaweza kuipa miguu wiki nne hadi sita za mapumziko, na nyingi kati ya nywele zilizonasa zitarefuka, zijivute kama springi, na kuchomoka zenyewe bila sindano.